Nyumba mlijenga wawili, karatasi ina jina moja: mwongozo kamili wa kudai sehemu yako Unguja na Pemba

Anayeshindwa kwa Kadhi mara nyingi si mwongo. Amekwenda na mama yake mzazi, machozi, na neno moja: "Nimekaa naye miaka kumi na minne." Mwenzake anakana, anaapishwa, anaapa, kesi imekwisha. Nimeyaona haya Unguja, nimeyaona Pemba, na wasomaji wanaoniandikia wananieleza yale yale kila mwezi.

Mwongozo huu ni wa walioachana baada ya ndoa, na pia wa waliokaa kinyumba bila ya nikaha. Kazi ya ushahidi ni moja kwa wote, mlango wa kuingilia ndio tofauti. Nimeandika zaidi nikimfikiria mwanamke, kwa sababu jina lililo kwenye karatasi huwa la mwanamme. Lakini mwanamme aliyejenga kiamboni kwa wakwe zake asome naye, hasa hatua ya 5.

## Kusanya hivi kwanza

- Daftari kubwa na kalamu. Simu huibiwa, huanguka majini, huchukuliwa kwa hasira.
- Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha ndoa na cheti cha talaka. Kama ndoa haikuandikishwa, andika majina ya aliyeozesha, walii na mashahidi wawili.
- Nakala ya karatasi ya kiwanja, iwe hati, mkataba wa mauziano au karatasi iliyopita kwa Sheha.
- Risiti za saruji, mabati, nondo, mbao. Hata ile iliyofutika nusu.
- Karatasi za kipato chako: hati za mshahara, risiti za karafuu za ZSTC (shirika la Serikali linalonunua karafuu), daftari la mnunuzi wa mwani, taarifa ya akaunti ya benki, taarifa ya miamala ya simu.
- Daftari la upatu au kikoba linaloonyesha mwezi uliopokea.
- Picha za nyumba ikiwa msingi, ikiwa kuta, ikiezekwa.
- Majina na namba za watu walioona: fundi, mwenye gari la ng'ombe aliyeleta mchanga, mpiga tofali, jirani.

Huna nusu ya hivi? Wengi hawana. Anza na ulivyonavyo, hatua ya 4 itakuonyesha namna ya kuziba mapengo.

## Hatua ya 1: Ujue mlango wako

Kosa la kwanza linafanyika hapa, na linakula miezi.

Kama mlioana kwa nikaha, mlango wako ni Mahakama ya Kadhi ya wilaya. Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, imempa Kadhi uwezo wa kugawa mali za wanandoa. Ina sharti: pawe na mchango halisi. Maneno hayo mawili ndiyo yatakayokupa au kukunyima. Kuwa mke peke yake hakugawi nyumba, na kuachwa hakugawi nyumba.

Kama hamkuoana, usiende kwa Kadhi kudai mali. Utaulizwa nikaha na hutakuwa na jibu. Mgogoro wa kiwanja au nyumba unakwenda Mahakama ya Ardhi. Fedha na vyombo vinakwenda mahakama za kawaida, kuanzia ya mwanzo, kwa kufuata thamani ya unachodai.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika sana. Redioni na mitandaoni mnasikia kwamba watu wakikaa pamoja miaka miwili huhesabiwa wameoana. Hiyo ni Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, na ni ya Tanzania Bara. Haivuki maji. Hata kama nyote wawili mmetoka Bara na mmepanga Kinuni au Amani, kiwanja kilichoko Zanzibar kinafuata sheria za Zanzibar.

Kwa hiyo asiye na nikaha adai kwa jina la kitu chenyewe. Kama ulimkopesha, ni deni. Kama mlichanga kununua, ni ubia. Kama ulijenga kwa fedha zako juu ya kiwanja chake kwa ruhusa yake, ni gharama za ujenzi. Maelezo yako yaanze na fedha, siyo na mapenzi. Kusimulia mlivyopendana hakukuongezei shilingi, na mambo mengine hukupunguzia stara bure.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Nadai kitu fulani, kwa sababu fulani, katika mahakama fulani."

## Hatua ya 2: Usitoke na kanga mbili

Desturi yetu ni kwamba mwanamke akipewa talaka asubuhi, adhuhuri kaka zake wameshafika kumchukua. Anatoka na nguo. Risiti, picha na daftari la upatu vimebaki kabatini, na kabati limebaki kwake mwanamme.

Dini yenyewe haikuagiza hivyo. Katika Suratut-Talaq aya ya kwanza waume wamekatazwa kuwatoa wake majumbani mwao ndani ya eda, na wake nao wasitoke. Aliyeachwa talaka rejea, yaani ambayo mume bado anaweza kumrejea, ana haki ya kukaa mpaka eda iishe. Zitumie siku hizo kupiga picha kila karatasi na kila chumba, kisha mpelekee nakala mtu unayemwamini nje ya nyumba.

Tahadhari: kama kuna kipigo au tishio, toka leo. Karatasi zina njia nyingine ya kupatikana. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia, kisha mwambie Sheha kwa maandishi kwamba vitu vyako vimebaki ndani, na uviorodheshe.

Tahadhari nyingine inawahusu wanaojivua kwa khului. Mwanamke anayetaka kutoka hurudisha mahari au kiasi walichokubaliana. Mara nyingi chini ya karatasi hiyo pameandikwa "wala sina madai mengine kwake". Mtu kachoka, anatia saini, na nyumba imekwenda na saini ile. Soma mpaka mstari wa mwisho. Kama una dai la nyumba, liandikwe wazi kwamba linabaki, au usitie saini siku hiyo.

## Hatua ya 3: Zuia isiuzwe

Mwandikie Sheha wa shehia iliyoko mali, ueleze kwamba una dai juu ya nyumba fulani. Kwake ndiko mauziano mengi ya viwanja yanakopita, na akishapokea barua yako hatasema hakujua. Chukua nakala iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe.

Kama ardhi imesajiliwa, peleka barua kama hiyo Kamisheni ya Ardhi. Siku utakayofungua kesi omba na amri ya zuio, mali isiuzwe wala kuwekwa rehani mpaka hukumu. Barua ya Sheha ni ngao nyepesi, amri ya mahakama ndiyo nzito.

## Hatua ya 4: Daftari la mchango

Hii ndiyo kesi yenyewe. Hatua nyingine zote ni njia ya kufika hapa.

Kanuni anayoifuata Kadhi kila mwanachuoni anaijua: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Maana yake, usipoleta ushahidi, mwenzako hana haja ya kuleta chochote ila mkono wake juu ya msahafu. Na wapo watu wanaapa.

Fungua daftari, piga mistari uwe na safu tano: tarehe, nilichotoa, thamani yake wakati ule, fedha zilitoka wapi, nani anajua. Jaza kwa hatua za ujenzi, usijaze kwa miaka. Akili hukumbuka "tulipomwaga zege" kuliko "Machi 2016".

Chukua mfano wa mkulima wa mwani wa Jambiani. Anaandika: "Tofali 600 za ukuta wa nyuma. Fedha za mwani wa msimu ule na upatu wa mwezi wa Shaaban. Anajua kijumbe wa upatu na mpiga tofali." Safu zote tano hazikujaa, tarehe ni ya kukisia, lakini Kadhi ana pa kushika. Linganisha na "nilisaidia kujenga". Hapo hana.

Maeneo ambayo watu husahau kuandika:

Dhahabu. Bangili zilizouzwa kununua kiwanja ni mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tafuta picha ya harusi ukiwa umezivaa, na umtafute sonara aliyezinunua. Masonara wengi wa mjini huweka madaftari.

Fedha za nyumbani zilizompa mwenzako nafasi ya kujenga. Mshahara wako wa ualimu ulilipa chakula, skuli na umeme, na wake ukanunua saruji. Andika vyote viwili sambamba, mwezi kwa mwezi kama inawezekana, ionekane kwamba wake usingefika kwenye saruji bila wako.

Kazi ya mikono. Kuvunja kokoto, kuchota maji ya kumwagilia kuta, kupikia mafundi. Usiandike "nilipika". Andika mafundi wangapi, siku ngapi, na ungemlipa kiasi gani mtu baki kwa kazi ile. Fiqhi ina jina lake, ujira wa mfano. Kwa Pemba ongeza kuchuma, kuchambua na kuanika karafuu, kwa misimu yote uliyofanya.

Na kazi ya nyumbani tupu, kulea na kupika? Niseme kweli. Bara, tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi ya nyumbani inahesabika kuwa mchango. Hukumu ile ilisimama juu ya Sheria ya Ndoa ya Bara, na Kadhi wa Zanzibar hafungwi nayo. Iandike kwenye daftari, usiitupe, lakini usiitegemee peke yake. Suratun-Nisaa aya ya 32 inasema wanaume wana sehemu katika walichochuma na wanawake wana sehemu katika walichochuma. Shughuli yako ni kuonyesha ulichochuma.

Mashahidi. Mama yako na dada yako waweke mwisho. Anza na asiye na faida, yaani fundi, muuza duka la vifaa, kijumbe. Nenda kamwone kabla ya kumtaja, umuulize anakumbuka nini. Usimfundishe la kusema. Shahidi aliyefundishwa hujulikana kwa swali la pili.

Tahadhari: usiongeze. Ukidai ulinunua mabati yote na mwenzako akaleta risiti ya nusu yake, hata msingi uliojenga kweli hautaaminiwa.

Dalili kwamba umefaulu: mtu asiyewajua nyote wawili akilisoma daftari lako anaweza kueleza nyumba ile ilijengwaje, na nani alitoa nini.

## Hatua ya 5: Tenga ardhi, jengo na miti

Kwetu hivi ni vitu vitatu, na vinaweza kuwa na wenyewe watatu. Mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu na udongo ukawa wa mwingine.

Nyumba nyingi zimejengwa kiamboni, juu ya ardhi ya wazee wa mmoja wenu. Ukidai "nyumba na kiwanja" watasimama shangazi na ami zake wote, na kwa haki, maana ardhi si ya mume wako kuigawa. Dai thamani ya jengo, ulipwe fedha. Mwanamme aliyejenga kwa wakwe naye hivyo hivyo.

Miti mliyopanda pamoja ihesabu mmoja mmoja, na umri wake. Mkarafuu unaozaa si sawa na mche.

Shamba la eka tatu lililotokana na mgao wa Serikali baada ya 1964 lina masharti yake ya kuligawa na kulihamisha. Fika Kamisheni ya Ardhi kabla ya kuahidiana kukata nusu kwa nusu.

Vyombo vya ndani ni rahisi. Ulivyokuja navyo au ulivyopewa na wazee wako ni vyako, navyo havimo kwenye mgao. Viorodheshe peke yake.

## Hatua ya 6: Fanya hesabu kabla ya kuulizwa

Jumlisha gharama zote za ujenzi, zako na zake. Kisha tafuta thamani ya sasa. Kama mali ni kubwa, mlipe mthamini. Kama ni ndogo, pata maoni ya maandishi ya fundi mzoefu.

Mfano: ujenzi mzima uligharimu shilingi 38,000,000. Daftari lako linaonyesha umetoa 9,500,000, ambayo ni robo. Leo nyumba ina thamani ya 60,000,000. Dai lako ni robo ya hiyo, 15,000,000. Ukidai zile 9,500,000 tu umejipunja, kwa sababu fedha yako imekua pamoja na nyumba.

Kadhi halazimiki kufuata hesabu yako. Lakini anayekuja na hesabu hujadiliwa juu ya hesabu, na anayekuja bila hupewa kinachoonekana cha huruma.

Weka karatasi ya pili ya madai mengine ya talaka: mahari yaliyobaki, matumizi ya eda, na kiliwazo, yaani anachopewa mke kwa kuachwa. Usiyachanganye na nyumba. Nimesikia mara nyingi mtu akiambiwa "umeshapewa kiliwazo, unataka nini tena?" Kiliwazo ni haki ya kuachwa, na sehemu ya nyumba ni haki ya kuchuma.

## Hatua ya 7: Suluhu, lakini ya maandishi

Nendeni kwa Sheha, au kwa wazee wa pande mbili. Suluhu ni nafuu kuliko kesi, na watoto hawatawaona wazazi wao wakiapishwa. Nenda na daftari, usiende na hasira. Daftari likifunguliwa mezani sauti hushuka zenyewe.

Mkikubaliana, iandikwe: nani anapata nini, kiasi gani, kwa tarehe gani, na asipolipa itakuwaje. Mtie saini nyote wawili pamoja na mashahidi, na Sheha agonge muhuri. Kama kesi imeshafunguliwa, ombeni mahakama iyapokee mapatano yawe amri yake.

Tahadhari: "Nitakulipa nikiuza karafuu" si suluhu mpaka iwe na tarehe na kiasi. Na Sheha hana uwezo wa kukuamulia kesi. Akisema "nimeamua huna kitu", mshukuru uende mbele.

## Hatua ya 8: Mahakamani

Kabla ya kufungua, pitisha daftari lako kwa msaidizi wa sheria wa shehia au wilaya yako. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo Unguja na Pemba, na ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, husaidia kesi za namna hii. Msaada wa kisheria umewekewa sheria yake tangu 2018, si fadhila ya mtu.

Madai yaandikwe mafupi, na nakala za ushahidi zipewe namba zinazolingana na daftari. Asili za karatasi zako zibaki mkononi mwako, uzionyeshe zikitakiwa.

Siku ya kesi jibu ulichoulizwa. Ukiulizwa tofali, jibu tofali. Mke wa pili aliyeletwa nyumbani anauma, najua, lakini hayumo kwenye safu tano za daftari.

Usikose tarehe. Kesi nyingi za Pemba nilizofuatilia zimekwama kwa sababu mdai alishindwa nauli ya kutoka Micheweni. Itenge nauli mapema kama ulivyotenga ada.

Usiporidhika, rufaa ya Kadhi wa wilaya inakwenda kwa Kadhi wa Rufaa, kisha Mahakama Kuu ya Zanzibar. Hapo ndipo mwisho. Mambo ya Kadhi hayafiki Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Rufaa ina siku zake. Uliza siku ile ile ya hukumu, kabla hujatoka uani.

Kama mwenzako amefariki kabla hamjagawana: mwenye dai la mchango au deni alipeleke kabla ya mirathi kugawiwa, kwa sababu madeni hutangulia warithi. Mirathi ya Waislamu inayopitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, dai lipeleke huko kwa maandishi. Asiye na nikaha harithi, lakini deni lake halifi.

## Hatua ya 9: Hukumu mkononi

Omba nakala iliyothibitishwa, na uisome palepale. Jina likiwa limekosewa herufi moja, lirekebishwe siku hiyo.

Kama umepewa sehemu ya ardhi, peleka nakala Kamisheni ya Ardhi na kwa Sheha. Kama ni fedha kwa awamu, kila malipo yapite benki au kwenye simu, yasipite mikononi kwa shemeji. Na kama mwenzako halipi, usingoje mwaka wala usimfuate barazani kwake kugombana. Rudi mahakama ile ile uombe utekelezaji wa hukumu, ukiwa na daftari lile lile, ukurasa mpya, safu tatu: tarehe ya kulipwa, kilicholipwa, kilichobaki.